Tusigombee jina: watoto wetu wafundishwe kupumua

Asubuhi moja, hapa mjini Beni, nilikaa nyuma ya darasa la watoto wadogo, wale wa shule ya maternele ambayo wengi wetu tunaiita gadiene. Nilikuwa na kinasa sauti changu mkononi, nikitafuta habari nyingine kabisa, ile ya wazazi waliokimbia vita na wanaoshindwa kulipa karo. Mara, barabarani, gurudumu la lori la mbao likapasuka.

Sisi watu wazima tulitazamana, tukaelewa ni gurudumu. Watoto hawakutazamana. Kabla mlio haujaisha, zaidi ya nusu yao walikuwa wamekwisha ingia chini ya meza. Hakuna aliyelia, na hilo ndilo lililonishtua. Watoto wa miaka 3 na 4 wanajua kujificha kimya, kama watu waliozoea.

Mama mwalimu hakupiga kelele wala hakuwaambia “tokeni, si kitu”. Alikaa chini sakafuni pamoja nao, akakunja viganja vyake kama kikombe, akasema: “Uji wa masoso ni wa moto sana. Tupulize, polepole, usimwagike.” Akavuta pumzi kwa pua, akapuliza kwa mdomo, taratibu, kwa muda mrefu. Mara ya kwanza alipuliza peke yake. Mara ya pili mtoto mmoja akakunja viganja. Mara ya sita wote walikuwa wametoka chini ya meza, wanapuliza uji ambao haupo. Kisha wakasimama kwa mguu mmoja kama miti, mikono juu. Wengine wakaanguka, wakacheka. Nilitazama saa yangu: dakika 4 hazikufika.

Nilimuuliza mchezo huo unaitwaje. Aliangalia mlango kwanza, ndipo akajibu kwa sauti ya chini: “Tulifundishwa katika semina, walisema ni yoga ya watoto. Lakini usitangaze hivyo kwenye redio, ndugu mwandishi. Wazazi watatoa watoto.”

Nimemwahidi nisitaje shule yake, na sitaitaja. Lakini jambo lenyewe siwezi kulinyamazia. Ndugu wasikilizaji, na ninyi mlio ugenini katika nyumba za watu, maoni yangu ni haya: mchezo huu wa pumzi unawafaa watoto wetu, na unapaswa kuingia katika kila gadiene na kila mahali watoto waliokimbia wanapokusanyika. Ila hauwezi kuingia kwa kificho. Ukiletwa kwa siri, utakataliwa, na wenye kukataa watakuwa na haki.

Kwanza tuseme kwa nini unafaa. Mauaji katika eneo letu la Beni yalianza mwezi wa kumi 2014. Utawala wa kijeshi katika Kivu ya Kaskazini na Ituri ulitangazwa mwezi wa tano 2021. Maana yake, mtoto wa miaka 4 anayeingia gadiene leo amezaliwa na kukua chini ya utawala uliowekwa kwa sababu ya vita. Hajui hali nyingine. Sisi wakubwa tunakumbuka wakati ambapo mtu alikwenda shambani kwake, akalala huko wakati wa mavuno ya kakao, akarudi. Yeye hana kumbukumbu hiyo ya kujifariji nayo.

Mtu akiogopa, moyo unapiga mbio, misuli inakaza, pumzi inakuwa fupi na kubaki juu kifuani. Mwili unajitayarisha kukimbia. Huo si ugonjwa. Ndio uliookoa wengi kati yenu mnaonisikiliza. Shida inaanza pale hatari imekwisha pita, lakini mwili bado haujapata habari. Mtoto anaendelea kuishi kama bado yuko njiani: anakojoa kitandani ilhali alikuwa ameacha, analalamika tumbo, anamshika mama kitenge hata akienda chooni, anapiga wenzake, au anakaa tu bila kucheza. Tunamwita mkaidi au mvivu. Mara nyingi ni woga uliokosa mahali pa kutokea.

Moyo hatuwezi kuuamuru upunguze mwendo. Tumbo nalo halitusikii. Lakini pumzi inakwenda yenyewe tukiwa tumelala, na tukitaka tunaweza kuiongoza. Tukitoa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko tulivyoivuta, kuna mshipa mrefu wa fahamu unaotoka kwenye ubongo, unapita shingoni na kushuka hadi moyoni na tumboni, ambao unaupa moyo ujumbe wa kutulia. Hapo si suala la imani. Weka vidole kwenye kifundo cha mkono wako, usikilize mapigo, kisha toa pumzi taratibu sana. Utayasikia yakipungua.

Mimi nililijua jambo hili kabla ya kusikia neno yoga. Katika mafunzo ya uandishi wa habari, mwalimu wetu wa sauti alituzuia kusogelea maikrofoni kabla ya kupumua kwa tumbo mara 5. Msomaji wa habari anayepumua kwa kifua sauti yake inatetemeka, na msikilizaji anaogopa hata kabla ya kujua habari ni ipi. Miaka imepita, na bado ninafanya hivyo kila ninaporudi kutoka mahali palipouawa watu na kutakiwa kusoma majina hewani. Ikiwa mimi, mwanaume wa miaka 30 na zaidi, ninahitaji msaada huo ili niweze kusema, kwa nini nimnyime mtoto wa miaka 4?

Sasa tuje kwenye maneno ya wanaopinga. Nimewasikiliza, na sitawacheka.

Kuna wanaosema: hiyo ni dini ya watu wengine. Hawakosei kabisa. Yoga ilizaliwa India, miaka mingi sana iliyopita, na kule imeshikamana na dini, hasa ya Wahindu. Ni kweli pia kwamba leo watu wa dini zote duniani wanaifanya kama mazoezi ya mwili, na kwamba mwaka 2014 Umoja wa Mataifa ulichagua tarehe 21 ya mwezi wa sita kuwa siku ya kimataifa ya yoga. Lakini mzazi ana haki ya kujua kitu kinatoka wapi kabla mtoto wake hajafundishwa. Anayemwambia mzazi “haina uhusiano wowote na dini” anamdanganya, na siku mzazi atakapojua, hatamwamini tena hata akimletea dawa ya minyoo.

Kwa hiyo tuseme ukweli, kisha tuchague. Maneno ya sala ya kigeni, nyimbo za ibada, sanamu, hayo yote mtoto wa gadiene hayahitaji, yaachwe. Kupuliza, kunyoosha mgongo kama paka, kusimama kama mti, hayo si mali ya dini yoyote. Pasta mmoja niliyezungumza naye alianza kwa kukataa. Mwishoni akanikumbusha mwenyewe kwamba katika kitabu cha Mwanzo, Mungu alimpulizia mtu pumzi puani ndipo akawa hai. “Basi pumzi ni yetu sote,” akasema, “lakini mje mutuambie kwanza. Musipite dirishani.” Nadhani na mashehe wetu wangesema vilevile wakiulizwa. Na jina? Mama mwalimu tayari amelipata: mchezo wa kupuliza uji. Hakuna mtoto wa hapa asiyejua uji wa masoso ukiwa wa moto.

Hili la kupita dirishani tumekwisha lipa kwa gharama kubwa. Ebola ilipotangazwa katika eneo letu tarehe 1 mwezi wa nane 2018, magari yalikuja mengi kuliko maelezo. Watu walivaa mavazi meupe, wakabeba wagonjwa wetu, na hakuna aliyekaa chini na sisi barazani. Uvumi ukajaa pale maelezo yalipokosekana. Wengine wakaficha wagonjwa, wengine wakashambulia waliokuja kuwatibu. Ugonjwa huo ulitangazwa kuisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200.

Lakini wakati uleule tuliona jambo jingine. Ndoo za maji yenye klorini ziliwekwa kwenye milango ya shule, na watoto wadogo kabisa wakafundishwa kunawa mikono kwa wimbo na mchezo. Walirudi nyumbani, wakawakatalia baba zao kushika chakula kabla ya kunawa. Mtoto akijifunza kwa mchezo, anaifundisha nyumba nzima. Basi tuchukue masomo yote mawili: tuwaeleze wazazi kwanza, ndipo tuwape watoto mchezo.

Neno la pili nililipata kwa mama mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Oicha, anayekaa na watoto 5 katika chumba kimoja cha kupewa. Nilimweleza, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Mutoto hajakula, na nyinyi munamufundisha kupumua?”

Sina jibu la kumshinda, na sitaki kumshinda. Ana haki. Pumzi si chakula, si turubai, wala si askari wa kulinda barabara ya shamba. Shirika linaloleta semina ya kupumua mahali ambapo watoto hawana hata uji wa kupuliza limeanzia mwisho. Serikali ikiona watoto wametulia isidhani kazi imekwisha. Ninachosema ni kwamba haya mawili hayashindani. Mchezo huu haugharimu hata franka 50. Haupunguzi unga kwenye sufuria ya mtu. Na tofauti na godoro, mbuzi na mabati, mtoto akikimbia tena, anakimbia nao.

Neno la tatu ni langu mwenyewe, na ndilo linaloniogopesha zaidi. Tusije tukatumia pumzi kuwanyamazisha watoto. Mtu mzima aliyechoka anapenda mtoto mtulivu. Ni rahisi sana kugeuza “tupulize uji” kuwa “nyamaza, puliza, acha kulia”. Mtoto aliyeona baba yake akichukuliwa ana haki ya kulia na kuuliza, tena na tena, swali lilelile. Kumtuliza ni kumpa nafasi ya kusema. Akimaliza kupuliza, tumuulize: “Ulisikia nini? Ulifikiri ni nini?” Halafu tumjibu ukweli kwa kipimo chake: “Lilikuwa gurudumu. Mimi niko hapa.” Na kama haukuwa gurudumu, tusimwambie ulikuwa gurudumu. Tumshike mkono, tukimbie. Watoto wanaodanganywa kuhusu hatari hawatatuamini hata siku ya amani.

Kuna tahadhari nyingine ambazo mama mwalimu alinionyesha, nazitoa kwenu kama nilivyozipokea. Watoto wasilazimishwe kufumba macho. Kuna ambao wakifumba macho wanaona yale waliyokimbia. Mlango ubaki wazi. Mtoto asiyetaka kushiriki akae pembeni atazame, siku moja atakuja mwenyewe. Asiguswe mgongoni bila kuona anayemgusa. Na zisizidi dakika 5, kwa maana mtoto wa miaka 3 si mtawa. Ukimkalisha nusu saa utakuwa umemwadhibu.

Pia huu si matibabu. Mtoto ambaye kwa majuma mengi halali, hali chakula hata kikiwapo, hasemi tena, au anajiumiza mwenyewe, apelekwe kituo cha afya na tuulize wasaidizi wa kisaikolojia. Wengi wao walianza kazi hapa wakati wa Ebola na wanajua familia zetu. Si aibu. Mtoto aliyevunjika mkono hatumfichi nyumbani.

Sasa, nani afundishe? Hapa nageukia wakubwa. Masomo ya bure yaliyoanza mwaka 2019 yanahusu shule za msingi za serikali. Gadiene, ile miaka 3 kabla ya darasa la kwanza, si ya lazima na haimo katika bure hiyo. Mzazi analipa, na karo hiyo ndiyo mshahara wa mwalimu. Kwa hiyo watoto wanaohitaji zaidi mchezo huu, wale waliofika jana na bidoni moja na nguo walizovaa, ndio wasioingia katika darasa lile. Wanazunguka barabarani, wanafuata mama zao kwenye mashamba ya watu, wanalinda wadogo zao.

Kwa sababu hiyo ninaomba mambo matatu. Wakaguzi wa elimu waukubali mchezo huu waziwazi na kuwaeleza walimu wote wa gadiene, badala ya kuuacha kwa semina ya shirika moja katika shule mbili. Makanisa na misikiti yenye viwanja, ambako wahami wa vita hukusanyika, yatoe saa moja asubuhi kwa watoto wasiosoma, na wazazi waitwe waone kwa macho yao kinachofanyika. Na sisi wa redio tutoe dakika 5 jioni, kabla ya habari na si baada yake. Ninajua tunayoyasoma hewani saa hiyo. Ninajua pia nani amekaa karibu na redio, kwenye mapaja ya baba yake, akidhaniwa haelewi.

Na mzazi asisubiri hayo matatu. Michezo yenyewe ni hii. Wa kwanza ni uji: viganja kama kikombe, vuta pumzi kwa pua ukinusa uji, puliza polepole usimwagike, mara 6. Wa pili ni jiwe tumboni: mtoto alale chali, mwekee kijiwe kidogo au kiatu chake juu ya tumbo, apumue hadi kipande, kisha kishuke bila kuanguka. Huo unafaa usiku. Wa tatu ni mti: mguu mmoja chini, mwingine umeegemea, mikono juu, na wewe uwe upepo unayempuliza. Akianguka mcheke pamoja. Kucheka nako ni kutoa pumzi. Lakini mfanye pamoja naye. Mtoto haamini maneno “tulia” yanayotoka kwa mtu anayehema.

Nimalize kwa jambo la nyumbani kwangu. Mtoto wa dada yangu ana miaka 4. Walifika kwetu kutoka upande wa Mamove, usiku, kwa miguu. Kwa miezi mingi, kila pikipiki ilipopita usiku aliketi kitandani na kuuliza neno moja tu: “Banakuya?” Wanakuja? Mama yangu, aliyezoea kumwambia “lala, hakuna kitu”, alikuwa mwenyewe halali.

Nilirudi kutoka kwenye darasa lile, nikamfundisha kupuliza uji. Sitawadanganya, woga haujaisha. Juzi usiku pikipiki ilipita tena, nikamsikia akiketi. Hakuuliza swali lake. Nikasikia anapuliza, mara moja, mara mbili. Kisha akamgusa bibi yake gizani: “Koko, puliza na weye.”

Nikawasikia wote wawili wakipuliza. Pikipiki ilikwenda zake, upande wa soko. Mimi nilibaki macho, nikiwaza kwamba mtoto wa miaka 4 amefanya sehemu yake, na bibi yake amefanya yake. Wale wenye silaha na mamlaka ya kuzuia watu wasije usiku, wao bado wanadaiwa.

Ikiwa mmejaribu michezo hii, au mna yenu ya zamani mliyofundishwa na wazee, piteni studioni mtusimulie. Tutaitangaza, kwa jina lolote mtakaloipa.